Kutoka ni rahisi, kurudi ndiko kwenye kazi: kisa cha matembezi ya mzee mwenye dimenshia

## Mhusika

Mzee T. (herufi hii haina uhusiano na jina lake) alikuwa na miaka 74 kisa hiki kilipoanza. Alikuwa amegunduliwa miaka 3 kabla kuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina ya dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na sasa alikuwa katika hatua ya kati. Alivaa mwenyewe akipangiwa nguo kwa mfuatano, alikula mwenyewe, na siku nyingi alimtambua mkewe. Mwaka hakuujua. Akiulizwa swali lenye sehemu mbili, alijibu ile ya mwisho tu.

Kazi yake ilikuwa upimaji wa ardhi, zaidi ya miaka 30 ya kushinda nje kwa miguu. Kwenye faili lake habari hiyo ilichukua mstari mmoja, na kwa muda mrefu hakuna aliyeifanyia kazi.

Aliishi na mkewe wa miaka 69, ambaye magoti yalimsumbua, pamoja na binti yao aliyerudi nyumbani kusaidia. Nyumba ilikuwa na uzio, geti moja, mlango wa mbele na mlango wa pembeni. Alikuwa anatumia donepezil (dawa ya Alzheimer) miligramu 10 na dawa ya presha. Alikuwa pia anapewa dawa nyingine ambayo kliniki haikuambiwa, tutaifikia.

## Jinsi alivyofungiwa

Miezi 5 kabla ya mpango huu wa matembezi, Mzee T. alitoka getini peke yake mchana. Alitafutwa kwa muda wa saa tatu hivi, akapatikana ameketi ndani ya kichaka, mita kama 400 kutoka nyumbani. Watu walikuwa wamepita hatua chache kutoka pale wakimwita, naye hakuitika.

Hilo si jambo la ajabu. Mtu mwenye dimenshia aliyepotea mara nyingi hajioni kuwa amepotea, kwa hiyo haoni sababu ya kuitika. Huenda mbele mpaka kitu kimzuie, iwe ua, mtaro au kichaka, akabaki hapo hapo. Kwa sababu hiyo utafutaji huanza papo hapo bila kungoja, huanzia karibu na alipoonekana mara ya mwisho, na hufanywa kwa macho, kwa kuingia vichakani, badala ya kutegemea sauti. Kulikuwa na jambo jingine pia: wote walimwita "Baba" likifuatiwa na jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa maneno aliyokuwa akiyasema alipopatikana, siku hiyo yeye alikuwa kijana aliye kazini, hajaoa wala hajapata mtoto. Huenda jina lake la ujana lingemfikia.

Baada ya hapo familia ilifanya mambo matatu. Geti likatiwa kufuli mchana na usiku. Mzee akaanza kupewa dawa ya mafua kila usiku ili alale. Na kwa ushauri wa mtu fulani, zulia kubwa jeusi likatandikwa ndani ya mlango wa mbele.

Ujanja wa zulia jeusi unajulikana kwa watunzaji wengi. Ubongo wenye Alzheimer hupata shida kukadiria kina na kutofautisha rangi zinazokaribiana, hivyo doa jeusi sakafuni huweza kuonekana kama shimo. Mtu hulifikia, akasita, akageuka. Kweli humzuia, ila kinachomzuia ni hofu, na hofu hiyo anaibeba hata baada ya kusahau kilichoileta.

Kufungiwa hakukumtuliza. Ilipofika saa kumi jioni aliliendea geti, akalishika kwa mikono miwili na kulitikisa. Usiku aliamka mara 4 au 5. Mara mbili alimsukuma mkewe aliyejaribu kumrudisha kitandani. Familia ilipokuja kliniki, iliomba sindano ya kumtuliza.

## Uamuzi wa kliniki, na sababu zake

Daktari hakuanza dawa ya kutuliza ya kundi linalotumika kwa magonjwa makali ya akili. Dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimenshia. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizitolea onyo kali mwaka 2005. Huwa zinabakizwa kwa hali ambazo mgonjwa anajidhuru au anadhuru wengine na njia nyingine zimeshindwa. Hapa hakuna njia nyingine iliyokuwa imejaribiwa.

Badala yake aliomba vifurushi vyote vya dawa vilivyokuwamo nyumbani viletwe mezani. Ndipo dawa ya mafua ilipoonekana, na ndani yake klorofenirameni, dawa ya mzio inayoleta usingizi. Kemikali hii huzuia asetilikolini, kemikali ya ubongo inayosaidia kumbukumbu, ilhali donepezil hutolewa ili kuiongeza. Mzee alikuwa anapewa asubuhi kinachonyang'anywa usiku. Ikasimamishwa.

Kisha likaja swali la kumtoa nje. Mke alipinga: "Mtu aliyepotea, mnataka arudishwe huko huko?" Pingamizi lake lilikuwa na uzito na lilijibiwa kwa hoja tatu.

Ya kwanza ni mwanga. Sebule yenye pazia huwa na luksi (kipimo cha mwanga) 100 hadi 300. Nje, hata chini ya mawingu, ni maelfu. Saa ya mwili hupangwa na mwanga mkali wa asubuhi, na kwa wagonjwa wa Alzheimer saa hiyo ndiyo mojawapo ya vitu vinavyolegea mapema. Ya pili ni kwamba kumbukumbu ya matukio huharibika kabla ya kumbukumbu ya kazi za mikono na miguu, hivyo mtu asiyejua amekula nini anaweza bado kujua kushika jembe. Ya tatu, hisia hudumu kuliko kumbukumbu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa uliochapishwa mwaka 2014 uliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za huzuni na za furaha. Hisia zilibaki hata pale walipokuwa hawakumbuki tena filamu zenyewe. Matembezi yaliyosahaulika hayajapotea bure.

Muuguzi akapima mwendo: kuinuka kitini, kwenda mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi. Ilimchukua sekunde 14. Kuanzia sekunde 12 huhesabiwa kuwa dalili ya hatari ya kuanguka, kwa hiyo alihitaji mtu kando yake muda wote, lakini hakuhitaji fimbo. Mapigo ya moyo yalipimwa pia, kwa sababu donepezil huweza kuyapunguza kasi hadi mtu akazimia. Yalikuwa sawa.

## Mpango

Muda uliwekwa asubuhi, kati ya saa 2:00 na saa 3:30, kabla ya jua kali na mbali na ile saa kumi ya kutikisa geti. Dakika 15 kwa wiki ya kwanza, kisha kuongeza 5 kila wiki.

Njia ilichaguliwa iwe ya mzunguko wa mita 350. Watu hulidharau hili. Njia ya kwenda na kurudi palepale ina mahali pa kugeuka, na mahali pa kugeuka ndipo ugomvi huzaliwa: mgonjwa haoni kwa nini aache njia iliyo mbele yake. Kwenye mzunguko hakuna anayemwambia "turudi". Katikati viliwekwa viti viwili vyenye mikono, kwa kuwa kiti kisicho na mikono humshinda mzee kuinuka.

Kabla ya kutoka: choo, maji mililita 200, viatu vyenye kisigino kilichofungwa, kofia yenye ukingo. Mkononi bangili yenye namba ya simu, mfukoni kadi yenye maneno hayo hayo. Na kila asubuhi binti alimpiga picha nzima kwa simu. Mtu akipotea, familia huweza kubishana nusu saa kuhusu rangi ya shati.

Binti alitembea kando yake, nusu hatua nyuma, akimpa kiwiko ashike mwenyewe. Kumshika mzee kifundo cha mkono ni kumkamata, na atajitoa. Wakitaka kuongea, walisimama. Kwa ubongo huu, kutembea na kutafuta maneno ni kazi mbili zinazogombania nguvu moja, na ni wakati huo mguu unapojikwaa.

Hakuulizwa kamwe "Unataka kwenda kutembea?" Swali hilo hujibiwa "hapana" kwa sababu "hapana" ndilo jibu salama la mtu asiyeelewa anaulizwa nini. Binti alisimama mbele yake aonekane, akampa kofia mkononi na kusema, "Baba, twende." Akangoja. Sekunde 10 za kimya ni ndefu kwa mwenye haraka, lakini huo ndio muda aliouhitaji.

## Wiki 4 za kwanza

Njiani mambo yalikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa, hasa baada ya siku ya sita, binti alipochukua futi kamba ya chuma iliyokuwa kwenye sanduku la zamani la baba yake. Mzee aliitoa mkononi mwake bila neno. Akanasa ncha yake kwenye shina, akarudi nyuma hatua kwa hatua huku akiivuta, akapiga goti, akaukaza utepe kwa kidole gumba na kusoma: "Nne, sabini na mbili." Akanyamaza, akimtazama binti. Alikuwa anangoja iandikwe.

Toka siku hiyo kukawa na daftari. Siku ya kwanza binti alikosea: mzee alisoma 3.15, yeye akachungulia, akaona 5.13, akamsahihisha. Mzee akaiachia futi kamba na kuondoka kwa hasira, na matembezi yakaishia hapo. Baadaye aliandika kila alichotajiwa, kiwe sahihi kisiwe. Hakuna kiwanja kilichokuwa kinauzwa.

Chuma nacho kilileta balaa. Utepe ulijirudisha kwa kasi ukamchana kidole. Ikabadilishwa na futi kamba ya kitambaa ya mita 20, inayokunjwa kwa mkono, na kuikunja kukawa shughuli nyingine ya kupendeza.

Tatizo lilikuwa mwisho wa safari. Katika siku 20 za mwanzo, siku 9 Mzee T. aligoma kuingia ndani. Alifika hadi mlango wa mbele, akashika fremu, akainua mguu juu sana kama anayevuka mtaro, akaurudisha. Akisukumwa taratibu mgongoni alipiga kelele. Siku moja alibaki pale dakika 40 juani. Mkewe alikata shauri kwamba matembezi yanamchafua akili, na kwa yale aliyoyaona, hitimisho lake halikuwa la kijinga.

Kliniki nayo ilikosea. Ushauri ulikuwa kufupisha matembezi, kwa dhana kwamba mzee anachoka au hataki kurudi. Yakafupishwa. Kugoma kukaendelea vilevile, na hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aliyechoka akatae kuingia palipo na kitanda chake.

## Wiki ya 5: anguko

Ndani ya siku mbili Mzee T. alibadilika. Alisinzia mchana, akaona watu ukutani, akashindwa kuvaa, akapiga magoti mlangoni alipojaribu kutoka. Mke akasema matembezi basi.

Binti alikataa kulaumu matembezi kabla ya kupima, na hapo ndipo alipookoa jahazi. Dimenshia huenda polepole, kwa miezi. Mabadiliko ya saa au siku chache ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na chanzo chake hutafutwa mwilini: maambukizi, upungufu wa maji, dawa mpya, choo kigumu, mkojo uliokwama, maumivu. Alipelekwa kliniki siku hiyo hiyo. Kipimo kilionyesha maambukizi ya njia ya mkojo, na ngozi na ulimi vilionyesha mwili uliokauka.

Maji yalikuwa yamekwenda wapi? Daftari la vipimo lilikuwa limeanza kuandikwa pia vinywaji, na hesabu ilifika chini ya mililita 700 kwa siku. Mke aliulizwa kwa upole, akaeleza. Wiki ya 3 mzee alijikojolea njiani mbele ya watu. Mkewe aliona aibu kwa niaba yake, akaanza kumnyima maji tangu usiku ili asubuhi awe mkavu. Hata zile mililita 200 za kabla ya kutoka alizimwaga bintiye akiwa anatafuta viatu.

Wazee wengi hawaisikii kiu ipasavyo, na mwenye dimenshia hata akiisikia huenda asijue afanye nini nayo. Hakulalamika, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Alitibiwa kwa dawa ya bakteria na maji kidogo kidogo, mililita 150 kila baada ya saa moja ya kuwa macho. Ilichukua wiki mbili kurudi alipokuwa.

## Wiki ya 7: mlango wa pembeni

Mpango mpya ulilenga choo. Mzunguko mmoja ukavunjwa kuwa miwili midogo yenye umbo la namba 8, nyumba ikiwa katikati, ili wapite chooni nusu ya safari. Choo kilikuwa karibu na mlango wa pembeni, kwa hiyo waliutumia huo.

Siku ya kwanza mzee aliingia bila kusita. Akatoka, akamaliza mzunguko wa pili, na kwa kuwa walikuwa wamezoea upande ule, akaingia tena bila neno. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu binti, kwa makusudi, alimpeleka mlango wa mbele. Akashika fremu, akainua mguu.

Safari hii binti alitazama chini, kule alikokuwa akitazama baba yake. Zulia jeusi lilikuwepo. Kila asubuhi yeye mwenyewe alilikunja ili watoke, na kila asubuhi mama yake alilitandika tena walipotoka, kwa mazoea. Kwa macho yaliyotoka juani kuingia kwenye ukumbi wenye giza, macho ya mzee yanayochukua muda mrefu kuzoea, pale palikuwa na shimo.

Zulia likaondolewa. Taa ya ukumbini ikawashwa kabla hawajafika. Ukingo wa kizingiti ukapakwa rangi ya njano inayotofautiana na sakafu, ila sakafu ya ndani na ya barazani zikaachwa zifanane rangi, ili macho yasisome ngazi pasipo na ngazi. Kukaongezwa kituo cha dakika 5 hadi 10 barazani, kivulini, glasi ya maji mkononi. Mwisho, mzee aliingia akiwa na kitu cha kupeleka: daftari la vipimo, la kumkabidhi mkewe. Naye alilipokea na kusema, "Kazi nzuri."

## Matokeo

Mwezi wa 4 kugoma mlangoni kulikuwa kumetokea mara moja tu katika wiki 6, siku ambayo umeme ulikatika na ukumbi ukawa giza. Usiku aliamka mara 1 au 2. Geti lilitikiswa bado, lakini siku chache, na kwa muda mfupi. Hakumsukuma tena mkewe. Dawa ya kutuliza haikuhitajika.

Kumbukumbu haikuongezeka, na familia iliambiwa mapema isitarajie hilo. Kipimo cha kliniki kilishuka kidogo kama kawaida ya ugonjwa.

## Uchambuzi

Mambo mengi yalibadilishwa kwa pamoja, kwa hiyo haiwezekani kusema mwanga ndio uliorudisha usingizi. Kwa maoni yetu kuacha klorofenirameni kulichangia sehemu kubwa, hata kama ni matembezi yanayosifiwa zaidi. Anayetaka kuiga kisa hiki aanze na mfuko wa dawa.

Futi kamba ilifaa kwa sababu ilikuwa kazi yake. Isitafsiriwe kwamba kila mgonjwa apewe futi kamba. Kinachoigwa ni kuuliza maswali mawili: mikono ya mtu huyu ilifanya nini kwa miaka mingi, na kipande kipi cha kazi hiyo kinaweza kufanyika leo bila kifaa cha hatari na bila matokeo kuhitajika? Mkulima aliyepewa kupalilia atang'oa miche pamoja na magugu, kwa kuwa hatofautishi tena. Dawa yake ni kumpa tuta ambalo halina mche wa kuonewa uchungu, na kuhakikisha bustanini hakuna mmea wa sumu kama oleanda, maana kinachoshikwa huweza kupelekwa mdomoni.

Kosa kubwa la kliniki lilikuwa kuchunguza matembezi na kuuacha mlango. Fomu ya tathmini iliuliza kuhusu njia, viatu, hali ya hewa na umbali. Haikuuliza kuhusu mita 2 za mwisho. Muuguzi angefika nyumbani mara moja, akasimama pale barazani na kuinama hadi usawa wa macho ya mzee anayetazama chini, zulia lingeonekana wiki ya kwanza. Fomu imeongezewa kipengele hicho, pamoja na swali: ni vizuizi gani viliwekwa zamani ili asitoke, na vipi bado vipo?

Kosa la pili lilikuwa kupanga choo kabla ya kutoka bila kupanga choo katikati, kisha kumwachia mke aibu ya siku ile aimalize peke yake. Alipunguza maji kwa sababu hakuna aliyempa njia nyingine. Suruali ya akiba kwenye mfuko wa binti, ya rangi ileile, huenda ingetosha kuzuia maambukizi. Tangu hapo chupa ya maji iliwekewa alama za kalamu zinazoonyesha kiwango cha kufikiwa kila saa, na mke ndiye aliyeisimamia.

Kufuli ya geti ilibaki mahali pake. Tulijadiliana sana kuhusu hili. Mwishowe ilikubaliwa kwamba geti lifunguliwe kila siku kwa saa inayojulikana, mbele ya macho yake, naye mwenyewe asukume bawa. Majirani wawili walipewa picha yake na namba ya simu, na kuelezwa wamkaribie kutoka mbele, wasimkimbilie, wamwite kwa jina la ujana.

## Kisa kilipofikia

Mwezi wa 9 hatua zilifupika na miguu ikaanza kuburuta. Mzunguko wa pili ukafutwa, kisha na wa kwanza. Sasa kiti chenye mikono kimewekwa kivulini, hatua 12 kutoka mlango wa pembeni, kikitazama miti badala ya barabara, kwa kuwa magari yanayopita humfanya ainuke. Viatu huvuliwa, miguu huwekwa juu ya majani, na blanketi jepesi huwekwa magotini kwani mtu asiyesogea hupoa upesi hata siku ya joto. Hukaa dakika 20 hadi 25. Futi kamba ya kitambaa iko mapajani; huifungua yote, kisha huikunja, na daftari bado liko kwa mkewe.